Kurikodi video ya mada kabla ya warsha: maswali tunayoulizwa mara kwa mara na wawasilishaji wa Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa wawasilishaji wanaotayarisha video itakayoonyeshwa kwenye warsha tunayoiandaa, iwe ya walimu, ya wahudumu wa afya au ya wakulima wa mwani. Maswali yametoka kwa watu wanaotupigia zikiwa zimebaki siku chache, simu mkononi, hawajui waanzie wapi. Majibu yetu yote yanatokana na jambo moja tunaloliamini kwa dhati: video inaletwa ukumbini ili washiriki wapate kitu cha kuzungumza wao kwa wao. Ikiwafanya wakae kimya saa nzima, imeshindwa, hata ikiwa picha yake ni nzuri namna gani.

Kwa nini mnaniomba video? Si bora nije mwenyewe?

Ukiweza kuja, njoo. Hakuna video inayomshinda mtu aliyesimama mbele ya wenzake, akaona nani amekunja uso na nani ameshaelewa. Lakini warsha nyingi zinafanyika Chake Chake, Wete au Micheweni, ilhali mwasilishaji yuko Tunguu, Dar es Salaam au ng'ambo. Msimu wa kusi bahari baina ya Nungwi na Mkoani huchafuka, na safari zikachelewa au zikafutwa. Kuunganishwa moja kwa moja kwa intaneti nako kuna taabu zake: picha inaganda, sauti inakatika, na watu waliotoka shehia za mbali tangu alfajiri wanabaki kutazama duara linalozunguka.

Ipo pia faida ambayo hotuba ya ana kwa ana haina. Video inasimama unapotaka isimame. Inarudiwa. Na inaweza kuwaonyesha watu wa Konde kitu kilichoko Jambiani ambacho hakibebeki kwenye boti.

Iwe na urefu gani?

Dakika sita, au pungufu ya hapo. Kama mada yako inahitaji dakika ishirini, igawe vipande vitatu au vinne, kila kipande na jambo lake moja, kila kipande faili lake.

Kiwango hicho hatukukibuni. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake, watafiti wa Marekani, walichapisha uchambuzi wa matukio milioni 6.9 ya kutazama video za masomo kwenye edX, jukwaa la masomo ya intaneti. Waliona kwamba hata video iwe ndefu vipi, muda wa kati ambao wanafunzi waliendelea kuitazama haukuvuka dakika sita. Wanafunzi wale walikuwa peke yao na kompyuta zao, waliweza kuifunga wakati wowote. Mshiriki wa warsha hawezi kuifunga, tena heshima inamzuia kutoka. Anabaki kwenye kiti, lakini akili yake inaondoka bila ya kuaga.

Bado tunaletewa video za dakika arobaini. Tunazirudisha, na tunaomba tusieleweke vibaya: mtu aliyerikodi dakika arobaini ana mengi ya kusema, na tunataka yasikike. Kwa dakika arobaini mfululizo hayatasikika.

Washiriki hawataweza kunikatisha na kuniuliza. Nitawashirikishaje?

Uliza wewe. Hili ndilo tunalolitilia mkazo kuliko lolote, na ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi.

Kila kipande kimalizike kwa swali ambalo jibu lake wanalo wao, hulijui wewe. Kwa walimu: "Mtoto ambaye yuko darasa la tatu na bado hajasoma vizuri, kwenye darasa lako anakaa wapi, na nani alimweka hapo?" Kwa wakulima wa mwani: "Mara ya mwisho mvua ilipokukuta umeanika, ulifanya nini, na ungefanya nini ungelikuwa na turubali?" Kisha sema wazi: "Mwezeshaji, simamisha hapa. Zungumzeni watatu watatu kwa dakika tano." Halafu usifunge kamera. Kaa kimya sekunde tano huku ukiangalia lenzi, ili mwezeshaji apate muda wa kuifikia kompyuta na washiriki waone kuwa unawangoja.

Maswali yasiyofaa ni yale ya "Tumeelewana?" na "Jambo hili ni muhimu au si muhimu?" Ukumbi mzima utaitikia "Ndiyooo" kwa sauti moja na hakuna aliyefikiri chochote. Swali lolote linalojibika kwa ndiyo au hapana, libadilishe.

Kipande kinachofuata kisianze kwa kujifanya umesikia majibu yao. Usiseme "Bila shaka wengi mmesema..." wakati hujui walichosema. Anza na uzoefu wako juu ya swali lile lile: "Mimi nilipoulizwa swali hili, nilijibu hivi." Mtu aliyetoka kuzungumza na wenzake atalinganisha mwenyewe.

Tutumie pia karatasi moja yenye maswali hayo. Tutaichapisha na kuigawa ukumbini.

Je, nianze na itifaki?

Hapana. Mgeni rasmi hubadilika asubuhi ile ile. Video itamtaja Mkuu wa Wilaya ambaye hakuja, mbele ya Afisa Mdhamini ambaye amekuja na hakutajwa. Itifaki ataifanya mwenyeji, papo hapo, kwa heshima inayostahili.

Wewe anza na salamu, na baada ya "Assalaam alaykum" nyamaza sekunde tatu. Ukumbi utaitikia, maana salamu hujibiwa hata ikitoka kwenye spika. Ukianza kusema juu ya jibu lao umewakatisha tangu mwanzo. Usitaje asubuhi wala jioni, ratiba huhama. Taja jina lako na kazi yako kwa sentensi moja, kisha ingia kwenye jambo wanalolijua. Usipoteze dakika kueleza kwa nini hukuweza kufika. Tutawaambia sisi.

Sina kamera. Simu itatosha?

Itatosha. Tumia kamera ya nyuma, ambayo kwa kawaida ndiyo bora, na ifute lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kila kipande. Hewa ya chumvi na mafuta ya vidole huifanya picha iwe na ukungu. Isimamishe kwenye stendi au kwenye rundo la vitabu, lenzi ikiwa sawa na macho yako. Simu iliyowekwa chini mezani inaonyesha pua na dari.

Niishike wima au nilaze?

Ilaze. Projekta na skrini za ukumbini ni za ulalo.

Sauti yangu inarudi mwangwi. Nifanye nini?

Anza na hili kabla hujafikiria mwanga, nguo au slaidi. Picha mbaya watu huivumilia. Sauti mbaya hawaivumilii, na wanaoumia zaidi ni wazee na walio viti vya nyuma.

Mwangwi unatokana na kuta na sakafu tupu. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Zinazuia kelele za nje vizuri sana, lakini chumba chenye dari ya juu kisicho na vitu ndani hurudisha kila neno. Nyumba mpya za matofali na vigae zina taabu zote mbili, mwangwi wa ndani na kelele za barabarani. Kwa hivyo rikodi chumba cha kulala. Kitanda, mapazia mazito na kabati la nguo lililoachwa wazi vinaimeza sauti. Ukipata godoro jengine, lisimamishe nyuma ya simu, upande ambao sauti yako inaelekea. Mkeka ni mwembamba, hausaidii sana. Zulia na mablanketi yanasaidia. Piga kofi moja katikati ya chumba. Kofi likikatika papo hapo, chumba kinafaa. Likibaki likilia kidogo baada ya mikono kuachana, ongeza vitambaa.

Baada ya chumba ni umbali. Simu iliyo mita mbili kutoka mdomoni inasikia chumba zaidi kuliko inavyokusikia wewe. Maiki ndogo ya kubana nguoni, ikikaa shubiri moja chini ya kidevu, inaleta tofauti kubwa kuliko kununua simu mpya. Huna maiki? Azima simu ya pili. Moja ipige picha, nyengine irikodi sauti peke yake, ikiwa mezani karibu nawe pasipoonekana. Piga kofi mbele ya kamera unapoanza. Mlio wa kofi kwenye rikodi zote mbili ndio utakaotumika kuzioanisha.

Anayevaa mtandio au buibui abane maiki juu ya kitambaa. Ikiwa chini yake, kila unapogeuza kichwa nguo inaisugua, na mkwaruzo huo ni mgumu sana kuuondoa baadaye.

Zima feni na kiyoyozi unaporikodi. Utatoka jasho, tunajua. Ndiyo maana vipande vifupi vina faida: rikodi kimoja, washa feni upumzike, kisha endelea. Na simu iweke kwenye hali ya ndege, asije mtu akakupigia katikati ya sentensi yako nzuri kuliko zote.

Kabla ya kurikodi mada nzima, rikodi nusu dakika, uisikilize kwa hedifoni. Spika ya simu inaficha makosa ambayo spika za ukumbini zitayatoa yote.

Ni wakati gani wa siku unaofaa?

Inategemea unakaa wapi. Mashamba, asubuhi baina ya saa tatu na saa tano ndiyo bora: watoto wako skuli, mwanga unaingia dirishani, na Adhuhuri bado. Kwa aliye karibu na barabara kubwa, kama Michenzani au Mwanakwerekwe, usiku baada ya Isha unafaa zaidi, kwa taa. Mjini kuna na kunguru. Ndege hawa waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasaidie kusafisha taka, na leo ndio wenye mji. Kelele zao huzidi kunapopambazuka na wanaporejea kulala karibu na Magharibi. Epuka nyakati hizo mbili.

Adhana ikianza, simamisha rikodi na uitikie. Usiseme juu yake, wala usiiache ibaki nyuma ya maneno yako. Adhana ikisikika kwenye video saa nne asubuhi, watu ukumbini watanyamaza, wengine wataangalia saa, na itachukua muda wao kurudi kwako.

Wakati wa masika usitegemee nyumba ya bati. Mvua ikianza, kazi imekwisha mpaka ikatike.

Niandike hotuba nzima niisome?

Iandike ukitaka, itakusaidia kupanga mawazo. Lakini usiisome mbele ya kamera. Macho ya msomaji yanaonekana yakitembea kutoka mstari hadi mstari, na sauti yake inalala. Andika maneno matano hadi saba kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uibandike juu kidogo ya lenzi. Sentensi ya kwanza na swali la mwisho tu ndivyo vya kuhifadhi.

Kisha mwite mtu akae nyuma ya simu: mwenzio wa kazini, mke, mume, jirani. Mweleze yeye. Kioo cha simu hakitikisi kichwa wala hakitabasamu, na ndiyo maana walimu hodari kabisa, ambao darasani wanachangamka, huwa wakavu wanapokuwa peke yao na kamera. Akiwepo anayesikiliza kweli, mikono inaanza kusema, sauti inapanda na kushuka, na neno gumu unalirudia kwa njia nyengine kwa sababu umeona hajalipata. Mwenye kukaa hapo awe mtu anayefanana na washiriki. Kama warsha ni ya wakunga wa vijijini, mwite muuguzi, usimwite mhandisi.

Utafiti ule wa edX ulionyesha pia kwamba video iliyopigwa kwa utulivu mezani kwa mtu inaweza kuwavuta watazamaji kuliko iliyorikodiwa studio kwa gharama kubwa, na kwamba msemaji mwenye bashasha husikilizwa kwa muda zaidi. Kwa hivyo usijione mnyonge kwa kukosa studio.

Mimi ni Mpemba na warsha iko Unguja. Niseme Kiswahili gani?

Chako. Mtu anayechunga kila neno hapati nafasi ya kuchunga mada. Kama neno la kwenu lina maana tofauti pengine na linagusa hatua muhimu, lieleze mara moja na uendelee.

Uso wangu unatoka mweusi, au kuna mistari inapita kwenye picha.

Uso kuwa mweusi kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni dirisha lililo nyuma yako. Geuka, dirisha liwe nyuma ya simu. Ya pili ni kanzu nyeupe: simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso unazama. Gusa uso wako kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka mwanga ufungwe hapo. Koti juu ya kanzu linasaidia pia.

Mistari inatokana na taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tubu na za LED za bei ndogo hupungua na kuongezeka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inayochukua fremu 30 kwa sekunde inaona. Kama simu yako inaruhusu, chagua fremu 25. Kama hairuhusu, zima taa ukae karibu na dirisha.

Nyuma yangu kuwe na nini?

Ukuta wa rangi moja, rafu ya vitabu, au mahali pako pa kazi. Pazia la rangi moja pia. Wengine hutundika kanga ili papendeze, na panapendeza kweli, lakini kanga ina jina, na hakuna Mzanzibari atakayeona kanga asisome jina lake. Watasoma, watatazamana, watajiuliza anaambiwa nani. Itundike kinyume au tumia kitambaa kisicho na maandishi. Nguo za mistari myembamba ziache. Kwenye skrini zinamemeteka na kuumiza macho.

Slaidi zinahitajika?

Si lazima. Ukizitumia, ziwe chache, na nyingi ziwe picha au michoro. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio ya miaka mingi kwamba watu hujifunza vizuri zaidi kwa picha na maelezo ya sauti kuliko kwa picha, sauti na maandishi yanayorudia sauti ile ile. Wakiona maandishi watasoma, na wakisoma hawakusikilizi. Majina mapya, vipimo na istilahi ngumu ndivyo vya kuandika.

Kumbi zetu nyingi zina madirisha makubwa yasiyo na mapazia, na projekta ina nguvu ndogo mbele ya jua la saa sita. Tumia herufi nyeusi kwenye weupe, kubwa. Fungua slaidi kwenye simu, iweke mezani, urudi nyuma hatua tatu. Ambacho huwezi kukisoma hapo, kitoe.

Kurikodi slaidi pamoja na sauti kunawezekana ndani ya PowerPoint yenyewe, kisha unahifadhi kama video ya MP4. OBS Studio ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo pia na inaweza kuweka uso wako pembeni. Uonekane mwanzoni, na urudi kuonekana unapouliza swali. Katikati unaweza kuwaachia slaidi.

Nataka kuonyesha kazi ya shambani, kwa mfano mwani.

Hapa ndipo video inapostahili gharama yake, kwa hivyo ipangie siku. Mwani hupigwa picha wakati wa bamvua, siku za karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapokupwa mbali na mistari ya kamba ikawa wazi. Ukienda maji mafu utapata bahari tu.

Usiwaonyeshe wakulima wanachokijua. Mwani wa biashara unalimwa visiwani tangu mwaka 1989, na kina mama wengi wa Paje, Jambiani na vijiji vya Pemba wamefunga miche kabla hujajua kuandika. Waonyeshe ambacho jicho lao halijapata nafasi ya kukiona: cottonii, aina moja ya mwani, iliyoanza kupauka ncha kwa joto la maji, ikiwa imepigwa picha ya karibu kabisa, kisha mche ule ule baada ya siku kadhaa, kisha uliolimwa kwenye maji yenye kina. Picha tatu za namna hiyo, zikikaa kwenye skrini kwa muda wa kutosha, zina faida kuliko maelezo ya nusu saa. Ukionyesha kazi ya mikono, piga picha ukiwa nyuma ya bega la anayefanya, ili mikono ionekane kama mtazamaji mwenyewe anavyoiona mikono yake. Usihame haraka. Kila hatua iache sekunde kumi bila ya kutikisa simu.

Maneno usiyaseme pwani. Upepo ukigonga maiki hakuna kitakachosikika, na kwenye kusi upepo haupumziki. Chukua picha tu, kisha maelezo uyarikodi chumbani na kuyaweka juu ya picha.

Niombe ruhusa kwa ninaowapiga picha?

Ndiyo, kila mmoja, kabla, na umweleze video itaonyeshwa wapi na kwa nani. Wapo kina mama watakaokubali mikono yao ionekane na si nyuso zao. Heshimu hilo bila ya kubembeleza. Kwa watoto omba mzazi na mwalimu mkuu. Kwa wagonjwa, tunakuomba usiwapige kabisa. Tumia mtu wa kuigiza. Ukiingia kijiji usichokijua, anza kwa sheha.

Niweke muziki?

Usiweke. Muziki chini ya maneno unawachosha wenye usikivu hafifu, na nyimbo zina wenyewe: Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 2003.

Nikikosea katikati nianze upya?

Hapana. Nyamaza kidogo, piga kofi, rudia sentensi tangu mwanzo wake, endelea. Kofi litaonekana kama mnara kwenye mchoro wa sauti na utajua pa kukata. Kujikwaa kidogo kwa ulimi kuache. Watu wanasema hivyo.

Umeme ukikatika siku ya warsha?

Umeme wa visiwa vyote viwili unakuja kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari kutoka Bara, za Unguja zikitua Fumba na ule wa Pemba ukiwa umeanza kazi mwaka 2010. Waliokuwepo Unguja baina ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme, hawahitaji kuelezwa maana ya waya kuharibika. Siku hizi kukatika ni kwa saa chache, lakini saa chache ndiyo warsha yenyewe. Genereta tunajitahidi kuwa nayo.

Lililo mikononi mwako ni hili: itengeneze video ieleweke hata kwa masikio peke yake. Projekta ikizimika, tutacheza sauti kwa spika ya betri, washiriki wakifuata kwenye karatasi. Kwa hivyo usiseme "kama mnavyoona hapa", wala "hiki kinaingia huku". Sema kilichopo: "Mche wa kulia umepauka ncha, wa kushoto uko vizuri." Mshiriki asiyeona atafaidika kila siku, umeme ukiwepo usiwepo. Na kwa ajili ya viziwi acha pembe ya chini kulia bila ya kitu, nafasi ya mkalimani wa lugha ya alama, na ututumie maandishi ya uliyoyasema.

Faili ni kubwa, haliendi. Nitumeje?

Simu ikirikodi kwa ubora wa picha wa 1080p hutumia kiasi cha MB 60 hadi 130 kwa kila dakika, kutegemea simu na mpangilio wake. Kwa ukumbi wa kawaida 720p inatosha. Ipitishe kwenye HandBrake, programu ya bure ya kupunguza ukubwa wa video, uweke megabiti 2 kwa sekunde. Dakika moja itakuwa karibu MB 15, na kipande cha dakika sita karibu MB 90. Bando la usiku linaimudu.

Kwa WhatsApp, itume kama waraka. Ukiituma kama video ya kawaida inabanwa mpaka maandishi ya slaidi hayasomeki. Njia ya zamani nayo bado ni nzuri: mpe flashi mtu unayemwamini anayesafiri kwenda Pemba. Faili likizidi GB 4 flashi iliyopangwa (format) kwa mfumo wa FAT32 italikataa. Ipange upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo. Rikodi ya asili usiifute mpaka warsha iishe.

Nani ataicheza ukumbini?

Mwezeshaji wetu, kutoka kwenye kompyuta, kwa programu ya VLC, bila ya kutegemea intaneti. Atakuwa ameitazama yote kabla na kujua pa kusimamisha. Tunahitaji ifike wiki moja kabla, kwa sababu hiyo hasa. Mwezeshaji aliyeiona kwa mara ya kwanza pamoja na washiriki hawezi kuongoza mazungumzo.

Na maswali yao kwangu?

Tupe saa moja siku hiyo ambayo simu yako iko wazi. Maswali yatakusanywa wakati wa mapumziko, tutakupigia, na utawajibu kwa spika. Simu ya kawaida ya sauti hushika hata pale intaneti inaposumbua. Ukitokea huwezi, tutakutumia maswali kwa maandishi na wewe utajibu kwa ujumbe wa sauti, ambao utafika kwenye kundi la washiriki.

Nina video ya warsha ya mwaka jana. Naweza kuituma tena?

Unaweza, kama bei, takwimu na majina ya ofisi hayajabadilika. Lakini maswali ya kuzungumza yarikodi upya. Ulichowauliza walimu wa Makunduchi si lazima kiwe ndicho kinachowakera walimu wa Micheweni, na watu hutambua haraka kama swali limeulizwa kwao au limepitia kwao. Ni dakika moja ya kazi. Itume peke yake, na sisi tutaiunganisha na iliyobaki.